Jua Lilipolaaniwa Likaenda Kuzaliwa Romaka

Katika baadhi ya nakala za kale za Suryasiddhanta, moja ya vitabu vinavyoheshimiwa sana katika elimu ya nyota ya Wahindu, kuna ubeti mmoja wa ajabu. Jua, ambalo kwao ni mungu Surya, linamwambia asura mmoja aitwaye Maya: rudi mjini kwako Romaka, huko nitakupa elimu hii, nikiwa nimezaliwa mleccha kwa sababu ya laana ya Brahma. Mleccha ni mgeni, tena mgeni najisi, asiyejua lugha takatifu wala ibada zake. Nakala nyingine hazina ubeti huo, na una kila dalili ya kuchomekwa baadaye.

Nikiusoma namwona mtu mwenye shida ya kweli. Amepata hesabu nzuri kutoka kwa wageni, anajua ni nzuri, lakini hana mahali pa kuziweka ndani ya elimu ambayo inadai kushuka kutoka mbinguni. Basi anamtuma Jua mwenyewe ughaibuni. Elimu sasa si ya wageni tena. Ilikuwa yetu tangu mwanzo, ila mwenyewe alipata laana akaishi kwao kwa muda.

Sisi wa pwani tuliosoma falaki kidogo chuoni tunazijua buruji kwa majina ya Hamali, Thauri na Jauza. Tumezoea kusikia kwamba elimu hiyo ilitoka Baghdad ikaja kwetu, ikaenda Andalusi, ikafika Ulaya. Tunajua pia kwamba India ndiyo iliyoanza kutoa: katika miaka ya 770 ujumbe kutoka Sindh ulifika kwa Khalifa al-Mansur na mwanazuoni mwenye vitabu vya Kisanskriti, al-Fazari akavigeuza kuwa Kiarabu, na hapo ndipo Waislamu walipopata jedwali zao za mwanzo za mwendo wa sayari. Hadithi huishia hapo. Kwamba miaka mia sita baadaye deni lilirudi, na kwamba makuhani wa Kibrahmini waliandika falaki ya Waislamu kwa Kisanskriti safi, sikulisikia mpaka nilipokwenda kusoma India, na hata kule niliowauliza wengi hawakuwa na habari.

Wa kwanza kujaribu alikuwa al-Biruni. Aliingia India nyuma ya majeshi ya Mahmud wa Ghazni, akajifunza Kisanskriti, na katika kitabu chake cha India cha mwaka 1030 anasema kwamba anawatafsiria Wahindu vitabu vya Euclid na Ptolemy, na anawaandikisha risala ya kutengeneza asturlabu. Hakuna hata ukurasa mmoja wa kazi hiyo uliosalia. Analalamika sana kuhusu kiburi cha wasomi aliokutana nao, kwamba wanaona hakuna elimu nje ya nchi yao. Lakini yeye huyo huyo anamnukuu Varahamihira wa karne ya 6, aliyesema kwamba Wayavana, yaani Wagiriki, japo ni mleccha, elimu ya nyota imesimama imara kwao, na kwa hiyo nao waheshimiwe kama marishi, wale wenye hekima watakatifu wa kale. Baadaye jina hilo la Yavana likahamia kwa Waislamu, na heshima ile ikawa na mahali pa kushikia.

Kilichofungua mlango hasa kilikuwa chombo. Huko Delhi, Sultani Firuz Shah Tughluq alikuwa na mapenzi makubwa ya asturlabu, akaziagiza zitengenezwe, na vitabu vya Kisanskriti vilivyopatikana alipoiteka Nagarkot akaamuru baadhi vitafsiriwe kwa Kiajemi. Katika baraza lake alikuwepo mtawa wa Kijaini, Mahendra Suri. Mwaka 1370 mtawa huyu akaandika Yantraraja, maana yake mfalme wa vyombo, kitabu cha kwanza cha Kisanskriti kuhusu asturlabu. Anaanza bila kuficha lolote: Wayavana wameandika risala nyingi za chombo hiki kwa lugha yao, nami nimezisukasuka kama bahari, nikatoa amrita, kinywaji cha uzima wa milele. Hakuna laana wala mungu aliyekwenda kuishi ugenini. Pengine ilimsaidia kuwa Mjaini na si Mbrahmini, kwa maana Suryasiddhanta haikuwa kitabu kitakatifu cha dini yake.

Asturlabu ni sahani ya shaba inayoenea kiganjani, yenye pete juu. Unaining'iniza kwa kidole gumba, unageuza kijiti cha nyuma mpaka uione nyota kupitia matundu yake mawili, unasoma digrii za kimo chake kwenye ukingo. Kisha unaigeuza upande wa mbele. Pale pana wavu wa shaba uliokatwakatwa, kila ncha yake ikiwa ni nyota moja, nao unazunguka juu ya sahani iliyochorwa miviringo ya kimo kwa latitudo ya mji wako. Unauzungusha mpaka ncha ya nyota uliyoipima iangukie kwenye mviringo wa kimo ulichosoma, na hapo anga lote limejipanga: unaona saa ya usiku, buruji inayochomoza, na nyota zilizozama. Bila hesabu hata moja! Mwanafalaki wa Kisanskriti aliyezoea kukaa chini na kukokotoa kwa kichwa, kanuni zake zote zikiwa katika beti alizohifadhi, lazima alitikisa kichwa.

Mahendra Suri anatoa orodha ya nyota 32 za kuchora kwenye wavu. Ndani ya jedwali zake kuna namba ndogo ambayo wengi wangeipita. Vitabu vya Kihindi vilikuwa vimesema kwa karne nyingi kwamba njia ya jua imeinama digrii 24 kutoka ikweta ya mbingu. Yeye anatumia digrii 23 na dakika 35, namba ya Waislamu, iliyo karibu zaidi na ukweli wa zama zake. Hatangazi kwamba mababu walikosea. Anaiweka tu jedwalini na kuendelea na kazi. Nadhani ujanja wote wa chombo uko hapo, kwa sababu anayechonga sahani ya shaba atatumia namba inayofanya kazi, na ubishi wa dini na nasaba hauingii kwenye karakana.

Baada ya chombo ukaja ubashiri, na huu haukuhitaji kubembeleza mtu. Wateja wanataka kujua mwaka wao utakuwaje, basi. Tangu karne ya 13 kuna waandishi wa Kisanskriti wa mtindo ulioitwa Tajika, yaani wa Kiarabu na Kiajemi, na mwaka 1587 Nilakantha, mnajimu katika baraza la Akbar, mfalme wa Kimughal, akaandika kitabu chake ambacho wapiga nyota wa India wanakitumia mpaka leo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani sana humo: ittisal imekuwa itthashala, insiraf imekuwa isarapha, sahm imekuwa sahama. Sayari mbili zikikaribiana ni hivi, zikiachana ni vile. Mimi ubashiri siuamini hata kidogo, lakini lazima nikiri kwamba ndio uliowazoesha pandita kuyatamka maneno ya Kiarabu kama yao.

Sasa tufike kwa mtu ninayempenda kuliko wote katika kisa hiki. Anaitwa Nityananda, Mbrahmini wa Delhi. Shah Jahan alipotawazwa mwaka 1628, mwanafalaki wake Mulla Farid alimwandalia ziji mpya, yaani kitabu kikubwa cha jedwali za jua, mwezi na sayari, kilichosimama juu ya kazi ya Ulugh Beg wa Samarkand. Waziri Asaf Khan, baba yake Mumtaz Mahal, akaagiza ziji hiyo iwekwe kwa Kisanskriti ili wanajimu wa Kihindu nao waitumie. Kazi akapewa Nityananda. Akatoa Siddhantasindhu, jitabu la mamia ya kurasa pana zilizojaa namba, na nakala zake zimehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya kifalme ya Jaipur.

Alitafsiri kwa uaminifu. Maneno mapya akayabuni, jedwali akazinakili, maelezo akayafuata. Na kitabu hakikushika. Si vigumu kuelewa kwa nini, kwa sababu ugomvi haukuwa juu ya umbo la dunia. Wanafalaki wa Kisanskriti walikuwa wakijua ni mviringo tangu zamani. Ugomvi ulikuwa juu ya mahali pa kuanzia kuhesabu.

Waislamu, kwa kumfuata Ptolemy, wanaanza kuzihesabu buruji kutoka pale jua linapovuka ikweta mwezi Machi. Wahindu wanaanza kutoka mahali palipofungwa kwenye nyota zenyewe. Mahali hapo pawili palikuwa pamoja zamani, lakini panaachana kwa digrii moja kila miaka 70 hivi. Ndiyo maana Wahindu wanasherehekea Makara Sankranti, siku jua linapoingia Jadi, tarehe 14 Januari au 15, wakati jua lenyewe limeshageuka na kuanza kurudi kaskazini tangu Desemba 21 au 22. Kwa mwanahesabu hiyo ni tofauti ya kutoa na kujumlisha tu. Kwa kuhani ni suala la kuoga mtoni siku yenye thawabu au siku isiyo na maana. Ukimpa jedwali za kigeni unamwambia kwamba sikukuu zake zote zimehama.

Lingine ni kalpa. Katika siddhanta, yaani vitabu vikuu vya falaki vya Kisanskriti, sayari zote hupewa idadi kamili ya mizunguko ndani ya kalpa moja, miaka 4,320,000,000, mwanzoni na mwishoni zikiwa zimejipanga pamoja. Ziji ya Waislamu haina habari na hayo. Inachagua tarehe, inakupa sayari ilikuwa wapi siku hiyo, inakuachia uendelee.

Nityananda hakukata tamaa. Mwaka 1639 akatoa kitabu kingine, Sarvasiddhantaraja, na safari hii hakutafsiri. Alichukua namba zile zile za Waislamu akazigeuza kuwa mizunguko ya kalpa, akaandika kila kitu kwa beti kama siddhanta ya kweli, akatetea hesabu ya kuanzia ikweta kwa hoja, na pale hoja zilipoishia akaleta kisa cha Jua aliyelaaniwa akazaliwa Yavana mjini Romaka. Elimu ya kigeni akaitengenezea pasi ya kusafiria yenye muhuri wa mbinguni.

Wapo watakaoona huo ni unafiki. Mimi naona ni kazi ngumu kuliko tafsiri. Kuchukua jedwali iliyojengwa juu ya tarehe moja na kutafuta idadi ya mizunguko ambayo, baada ya mabilioni ya miaka, itakurudisha kwenye jedwali ile ile kwa dakika chache za digrii, si mchezo. Alijua wasomaji wake hawatauvuka mto, basi akauhamisha mto.

Wakati huo huo Benares kulikuwa kunawaka moto. Familia mbili za wanafalaki, zote Wabrahmini waliohamia kutoka Maharashtra, zilikuwa zikigombana kizazi baada ya kizazi. Upande mmoja Munishvara, aliyemaliza Siddhantasarvabhauma mwaka 1646, mtetezi wa Bhaskara, mwanafalaki wa karne ya 12, na mababu. Upande wa pili Kamalakara, ambaye Siddhantatattvaviveka yake ya 1658 imejaa elimu ya Samarkand, ikiwa na jedwali za sini zenye usahihi mkubwa, na ambaye hata alithubutu kuandika kwamba nyota ya ncha ya kaskazini haijatulia mahali pamoja. Ndugu wa Kamalakara akaandika kitabu cha kumvunja Munishvara. Na bado Munishvara huyo huyo, mlinzi wa mila, alichukua hesabu za pembe za Waislamu bila kelele. Usimwamini mtu anayekuambia upande mmoja ulikuwa wa wasasa na mwingine wa wakale. Wote walikuwa wanakopa. Waligombana kuhusu nani akiri.

Halafu akaja mtu mwenye fedha. Jai Singh wa pili wa Amber, aliyejenga mji wa Jaipur kuanzia 1727, alikuwa Mhindu mcha Mungu na mtumishi wa mfalme wa Kimughal, na hakuona haja ya kumpa Jua laana yoyote. Aliajiri Waislamu na Wabrahmini wakaketi chumba kimoja. Jagannatha akatoa Euclid kwa Kisanskriti, kisha mwaka 1732 akakamilisha Almagest, kitabu kikuu cha falaki cha Ptolemy, vyote kutoka katika Kiarabu cha Nasir al-Din al-Tusi. Nayanasukha aliketi na Muhammad Abid, huyu akieleza, yule akiandika, mpaka wakamaliza kitabu cha Theodosius kuhusu tufe. Wawili hao hao wakachukua sura moja, moja tu, ya sherehe ya al-Birjandi juu ya Tadhkira, kitabu cha falaki cha al-Tusi.

Waliichagua vizuri. Ni sura yenye ule uvumbuzi maarufu: duara dogo linaviringika ndani ya duara lenye kipenyo maradufu, na nukta iliyo ukingoni mwa duara dogo, badala ya kuzunguka, inakwenda na kurudi juu ya mstari ulionyooka. Chukua sarafu na mfuniko, jaribu mwenyewe, utashangaa. Al-Tusi alikitafuta kitu hicho ili aiondoe kasoro ya Ptolemy iliyowafanya wanafalaki wakose usingizi, na Copernicus naye alikitumia mwaka 1543. Kwa Kisanskriti kikafika karibu mwaka 1729. Newton alikuwa ameshakufa.

Hapo ndipo kisa kinaponisikitisha. Vitu viliingia kwa kufuata urahisi wa kuvipokea: kwanza chombo, kisha ubashiri, kisha jedwali, nadharia mwisho kabisa. Ilipofika nadharia, dunia ilikuwa imeshaiacha.

Jai Singh alikuwa na habari. Alimtuma padri Mjesuiti, Manuel de Figueredo, mpaka Ureno, akarudi karibu mwaka 1730 na jedwali za Mfaransa La Hire. Wanafalaki wa Jaipur wakazipima wakakuta mwezi umepotea nusu digrii, ambayo ni upana wa mwezi mzima. Raja akasema kosa ni la vyombo vyao vidogo. Darubini pia alizijua, na anaandika kwamba zinatengenezwa katika nchi yake. Lakini jibu lake lilikuwa mawe. Vyombo vya shaba, anasema, vinalika ekseli, kitovu kinahama, digrii hazigawanyiki vya kutosha. Basi jenga kwa mawe na chokaa, jenga kubwa kisitikisike. Akajenga Delhi, Jaipur, Ujjain, Benares na Mathura, kwa mfano wa Ulugh Beg.

Nilisimama chini ya Samrat Yantra ya Jaipur asubuhi yenye jua kali. Ni ukuta wa pembetatu wa mita 27, ngazi ikipanda katikati, na pande zake mbili pana matao ya mawe yaliyopinda, yaliyochorwa saa na dakika. Kivuli kinatembea kama milimita moja kwa sekunde. Ukikitazama kwa utulivu unakiona kikienda. Mtembeza wageni alisema kinapima kwa sekunde mbili. Nikainama nikatazama ukingo wa kivuli, sikuuona. Haukuwa mstari bali ukungu wa upana wa kiganja, giza likififia taratibu kuwa mwanga. Jua si nukta. Ni sahani ya nusu digrii, na linachukua dakika mbili kupita upana wake lenyewe. Kwa hiyo kadiri ukuta unavyokuwa mkubwa, ndivyo ukungu nao unavyopanuka. Mzee mmoja mfanyakazi wa pale akaokota kijiti chembamba, akakishika sambamba na ukingo wa ukuta karibu na jiwe, akakisogeza ndani ya ukungu ule mpaka kivuli chake kikameza kile kikubwa, akanionyesha kwa ukucha: hapa. Sekunde mbili zilikuwa mkononi mwa mtu anayejua kazi.

Ndani ya jengo hilo hilo kuna chumba cha giza, Shashthamsha, chenye tundu dogo juu. Saa sita mchana taswira ya jua inashuka kwenye upinde wa chokaa, duara safi lenye ukingo, ukaweza kulipima juu na chini. Al-Khujandi alijenga cha namna hiyo Rayy mwaka 994, Ulugh Beg akajenga kikubwa zaidi Samarkand. Kwa maoni yangu hicho ndicho chombo bora cha Jaipur, na watalii wanakipita wakienda kupiga picha ngazi.

Pamoja na mawe yote hayo, ziji ambayo Jai Singh aliitoa kwa Kiajemi kwa jina la mfalme Muhammad Shah ina orodha ya nyota ambazo hakuzipima. Ni nyota za Ulugh Beg, kila moja ikiongezwa digrii 4 na dakika 8, kwa sababu ya ule mwachano wa digrii moja kila miaka 70. Na jedwali nyingi za sayari zimegeuzwa kutoka kwa La Hire yule yule aliyemlaumu.

Alikufa mwaka 1743. Kituo cha Mathura kimetoweka kabisa. Cha Jaipur kiliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2010. Kuhusu hoja ya Nityananda, serikali ya India huru iliunda kamati ya kalenda chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, na kamati ikaamua kama yeye: mwaka uanze jua linapovuka ikweta. Kalenda hiyo ya taifa ilianza kutumika tarehe 22 Machi 1957, na utaikuta kwenye gazeti la serikali na kwenye matangazo ya redio. Wachapishaji wengi wa panchanga, yaani kalenda za dini, hawakuifuata. Makara Sankranti bado watu wanaoga Januari, India na kokote walikohamia, Mombasa na Dar es Salaam zikiwemo.